Vibuyu vya Maneno

Wanadamu wana msemo wao: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nimeusikia tangu nikiwa na mkia. Mimi ni chura, baba yangu chura, mama yangu chura, na siwezi kuupinga, maana ni kweli kelele zetu hazijawahi kumzuia mtu yeyote kitu chochote. Tumepewa mdomo mpana kuliko kichwa, na kila jioni tunautumia wote. Lakini kuna habari ambayo msemo huo umeiruka, na leo nitaisimulia kwa ufupi. Ufupi wa chura, lakini. Mwenye shughuli aende akamalize kwanza.

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanapigiana hodi, uliingia ukame usio na adabu. Ulianza na mto, ukaunywa. Ukafuata mabwawa, ukayanywa. Ukamaliza hata umande. Nyika nzima ikabaki na dimbwi moja tu, bondeni, mbele ya makao ya Mfalme Simba. Humo ndimo walimokunywa wote, Tembo na Digidigi, Fisi na Kanga. Na humo ndimo Bi Mashavu alimokuwa ameweka watoto wake.

Bi Mashavu alikuwa chura, bibi wa bibi yangu, wa bibi yangu tena, endelea hadi uchoke. Watoto wake walikuwa viluwiluwi bado, mikia na macho tu, hawana mguu wa kukimbilia popote. Kila Tembo alipoinamisha mkonga, Bi Mashavu aliona maji yakishuka na moyo wake ukashuka nayo. Dimbwi likikauka kabla hajapata maji mengine, watoto wamekwisha na ukoo umekwisha, na mimi nisingekuwepo hapa kuwachosha.

Sasa, sisi vyura tuna desturi yetu ya kiangazi. Dimbwi likianza kupungua, mmoja hutumwa kutafuta. Akipata maji, huita. Walio nyuma humwitikia, naye huita tena, nao hujikokota kuifuata sauti mpaka wafike. Na anayeita lazima aitikiwe. Hata kama jana mlitukanana. Hata kama una nzi mtamu mdomoni. Hatuna mbio, hatuna mabawa, wala akili zetu si za kujivunia sana. Tuna koo tu.

Mwaka huo alitumwa Mjomba Bwabwaja, kaka wa mama yake Bi Mashavu. Alikuwa mzee msemaji mpaka vyura wenzake walimkimbia, jambo ambalo si dogo. Kumtuma kulikuwa na faida mbili: huenda angepata maji, na masikio yangepumzika.

Mzee akaenda, akaenda, akaruka na kupumzika, mpaka akafika kwenye majabali upande wa mawio. Huko, katikati ya mawe makubwa, akakuta chemchemi. Maji baridi, mengi, yamejaa kama bakuli refu lenye kuta za mawe. Mjomba Bwabwaja akajitumbukiza, akatoka, akapanda juu ya jiwe, akavimbisha mashavu ili aite.

"Shikamoo, Mzee," ikasema sauti nyuma yake.

Alikuwa Sungura. Chemchemi hiyo Sungura alikuwa ameigundua zamani, wala hakumwambia mtu. Alikuwa akinywa asubuhi, akioga mchana, na jioni akirudi bondeni kulalamika na wenzake juu ya ukame.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mjomba. "Bahati iliyoje! Ngoja kwanza niite watu."

"Kwa sauti hiyo?"

"Ina nini sauti yangu?"

"Ni nzuri mno, Mzee. Sauti kama hiyo haimwagwi ovyo nyikani. Hiyo ni ya kuwekwa akiba kwa Mfalme."

Hakuna chura aliyewahi kuambiwa kwamba sauti yake ni nzuri, si kabla ya siku hiyo wala baadaye. Mjomba Bwabwaja akahisi machozi yakimlenga. Sungura akamletea kibuyu kikavu, mzee akalia humo "kwaaa" moja ndefu kutoka tumboni, Sungura akakiziba kwa gunzi la mahindi. Basi. Mjomba akafumba mdomo kwa fahari, akakaa juu ya lile jiwe, maji yanamlowesha kiuno, amenyamaza kama mtu aliyepewa cheo. Watu wake wanakufa kwa kiu, yeye ametulia, anajisikia msanii.

Lakini Sungura si mjinga. Alijua kumnyamazisha chura mmoja hakutoshi, maana kesho wangemtuma mwingine. Na akiwakataza vyura peke yao kusema, watu wangeuliza kulikoni. Akaona heri awanyamazishe wote. Uongo mdogo watu huuchunguza. Uongo mkubwa huupisha njia.

Kesho yake alisimama barazani mbele ya Mfalme Simba. "Mfalme," akasema, "nimegundua kinachomaliza maji yetu."

"Jua," akasema Tembo.

"Jua lilikuwepo tangu enzi za babu zetu, na mito ilijaa. Kinachomaliza maji ni maneno."

Watu wakacheka. Sungura hakucheka. Akamwita Kanga mbele, akamwambia, "Dada yangu, hebu tupe habari za nyumbani kwako." Ah! Kanga alikuwa akisubiri kuulizwa tangu azaliwe. Akaanza na mumewe, akaenda kwa mama mkwe, na alipofika kwa shangazi yake ulimi ulikuwa mkavu kama gome la mti. Kisha Sungura akamwita Nyumbu, ambaye hajawahi kuwa na la kusema, akamwambia atoe ulimi. Ukatoka umelowa, unang'aa.

"Mmeona kwa macho yenu," akasema Sungura. "Neno ni maji. Kila neno ni tone. Ninyi mnashinda hapa, habari za asubuhi, habari za watoto, poleni na safari, dimbwi zima linatiririka midomoni mwenu. Halafu mnalaumu jua!"

Bi Mashavu akanyoosha mkono.

"Bwana Sungura, samahani. Sisi vyura tunasema kuliko wote. Mbona ndio tuliolowa kuliko wote?"

Lilikuwa swali zuri. Nasema hivi kwa kujigamba, maana maswali mazuri katika ukoo wetu hayazidi vidole vya mkono mmoja, na mkono wetu una vidole vinne. Lingeweza kumaliza habari yote palepale. Ila vyura wenzake walimzomea, "Kaa chini wewe! Unatuaibisha mbele ya wakubwa!" Sungura alikuwa ameshawanong'oneza habari za sauti ya Mjomba kuwekwa akiba, na kila mmoja alingojea zamu yake ya kusifiwa. Bi Mashavu akakaa.

"Na mimi?" akauliza Simba. "Mimi nikinyamaza, nani atanguruma?"

"Wewe hasa ndiye wa kuhifadhiwa, Mfalme. Maneno ya hawa ni matone. Lako ni mto. Mfalme gani anamwaga mto?"

Simba akafikiri kidogo, akaona neno lililomsifu kiasi hicho haliwezi kuwa uongo. Akakubali.

Ikatoka sheria. Kila mnyama alete kibuyu, amimine humo maneno yake yote, kizibwe, kiwekwe katika pango la juu ya bonde. Mvua ikinyesha, kila mtu atarudishiwa chake. Atakayesema kabla ya hapo amepoteza maji ya umma, na atafukuzwa dimbwini asirudi. Mlinzi wa pango awe Fisi. Fisi alikuwa akipiga miayo mpaka aliposikia Sungura akimnong'oneza kwamba humo vibuyuni kutakuwa na maneno matamu, na mengine yana mafuta. Akaikubali kazi mate yakimtoka.

"Na sisi nani atatusemea?" akauliza Tembo, na hilo likawa swali lake la mwisho.

Sungura akashusha pumzi. "Lazima mmoja abaki na ulimi awatumikie wenzake. Ni mzigo mzito. Nitaubeba."

Wakapanga foleni. Simba akangurumia ndani ya kibuyu mpaka kikapata ufa, ikabidi aletewe kingine. Digidigi akanong'ona chake kwa haya. Sisi vyura tulikuja na mitungi, tukakaa mpaka jua likaanza kushuka, watu wakitukodolea macho. Bi Mashavu alifika mwisho. Alitazama dimbwi, akawaona wanawe wakichezea kwenye tope. Akisema, atafukuzwa, na wao hawawezi kumfuata. Akalia humo "kwa" moja ndogo, akafumba mdomo.

Basi maisha yakaanza kuharibika, na hakuna aliyeweza kusema kwamba yameharibika. Tembo alikaa juu ya mayai ya Kanga kwa sababu Kanga hakuweza kusema "angalia". Kanga alipoyaona mayai yake, hakuweza kulia. Tembo alipojua alichofanya, hakuweza kusema "nisamehe, dada yangu". Wakatazamana tu, kisha kila mmoja akaenda zake, na kuanzia siku hiyo hawakunywa tena upande mmoja. Nyani waligombana kwa ishara, na ishara za Nyani mnazijua. Watoto walipotea mbugani, mama zao wakabaki wamesimama vichuguuni na midomo imefungwa. Mtu alipita mlangoni pa mwenzake asiseme hodi, na mwenye nyumba akamchukia bila kujua kwa nini. Koo zikawa kavu kuliko zamani.

Na dimbwi lilizidi kushuka.

Sungura peke yake alinawiri. Kila jioni alikuja bondeni akasimama ukingoni, akatangaza, "Mimi sinywi, ndugu zangu. Kunyweni ninyi. Mimi nimejinyima." Wanyama wakamtazama kwa machozi, kiongozi mwenye huruma namna hii! Manyoya yake yalimeremeta. Walidhani ni baraka.

Jioni moja alisimama karibu na Bi Mashavu, akiwa katika hotuba yake ya kujinyima. Bi Mashavu akatazama mguu wake. Katikati ya vidole palikuwa na tope. Si lile tope la dimbwi, jeusi, lenye harufu ya kwato. Tope jekundu, laini, na ndani yake jani dogo la kijani, lile linaloota penye maji yasiyokauka. Chura anaweza kukosea mambo mengi, na huyakosea kweli, lakini hawezi kukosea harufu ya maji. Maji yapo. Huyu anayajua. Na kila jioni hutokea upande wa mawio, kulekule alikokwenda Mjomba.

Angemfuata Sungura? Kwa miguu gani? Kilichobaki ni kuita. Na sauti yake, kama alivyoamini yeye na wote waliopanga foleni, ilikuwa pangoni ndani ya kibuyu.

Kesho yake mchana, jua likiwa utosini na wote wamelala vivulini, Bi Mashavu akaenda kuiiba sauti yake. Alipochungulia pangoni alimkuta Fisi amekaa katikati ya vibuyu vilivyozibuliwa, vimetapakaa kama karamu imekwisha. Alikuwa ameingiza ulimi ndani ya kimoja mpaka kwenye kitako, analamba.

Fisi akageuka, akamwona. "Hamna kitu!" akafoka. "Nimevilamba vyote! Hata cha Mfalme! Vikavu!"

"Hamna kitu?" akasema Bi Mashavu.

Wakatazamana.

"Wewe umesema," akasema Fisi.

"Na wewe umesema."

"Mimi nimeshtuka."

"Na mimi nimeshtuka."

"Basi usinishtaki," akasema Fisi, "nami sikushtaki. Lakini mama, niambie, maneno yote yale yamekwenda wapi? Nani kayala? Niliahidiwa yenye mafuta!"

Bi Mashavu akajigusa koo. Lilikuwa na joto, linatetemeka kidogo. "Hayakuwahi kuingia humo," akasema polepole. "Yako hapa. Yalikuwa hapa siku zote."

"Kwa hiyo mimi nimelinda nini?"

"Vibuyu, baba."

Fisi akakaa chini, akasikitika sana. Bi Mashavu hakungoja amalize kusikitika. Alirudi bondeni akirukaruka juu ya mchanga unaounguza, na alipofika akakuta dimbwi halipo. Limekuwa tope lenye nyufa. Kilichobaki ni maji kidogo ndani ya unyayo mmoja wa Tembo, na humo viluwiluwi wote wamebanana, migongo iko nje, wanapigapiga mikia.

Aliogopa. Nyumbani kwetu tunapenda kusema bibi yetu hakuogopa, lakini huo ni uongo wa kifamilia. Kisha akapanda juu ya jiwe, akavimbisha mashavu yake yaliyompa jina, akaita.

"Nani ana majiii? Nani ana majiii?"

Nyika nzima ikashtuka. Wanyama wakainuka vivulini. Sungura, ambaye siku hiyo alikuwa amewahi kuja akalala pembeni ya kiti cha Mfalme, akaruka wima.

"Mwizi wa maji! Mfukuzeni! Mfalme, amri!"

Simba akafungua mdomo kutoa amri, akakumbuka sheria, akaufunga. Akamtazama Sungura ili amsemee. Sungura akasema, "Mfalme anasema afukuzwe." Simba akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo anavyosema, ingawa alikuwa hajajua bado.

"Nani ana majiii?" akaita Bi Mashavu.

Hakuna aliyemwitikia. Vyura wenzake walijifukia topeni kwa aibu. Nyumbu akaanza kumsogelea kwa pembe. Bi Mashavu akatazama ule unyayo, akaona mkia mmoja umeacha kupiga, na sauti yake ikavunjika.

"Mjomba!" akalia. "Mjomba Bwabwaja, umeitwa!"

Sasa twende majabalini. Mzee alikuwa juu ya jiwe lake, bado ni hazina ya taifa. Ile sauti ikamfikia, mbali, nyembamba, lakini ya nyumbani. Koo lake likaanza kupanda na kushuka lenyewe. Akakumbuka kwamba sauti yake imewekwa akiba kwa Mfalme, akabana mdomo. Sauti ikaja tena. Akabana zaidi. Mashavu yakavimba, tumbo likavimba, macho yakaanza kutoka nje, na hayajarudi mpaka leo, mkitutazama mtajionea. Ukoo mzima tunabeba macho ya yule mzee. Mwishoni hakuweza. Kuitwa ni kuitwa.

"Haapaaa!" akapasuka. "Maji haapaaa! Mengiii! Na nimekaa nayo kimya, jamani, na mimi mpumbavuuu!"

Bondeni kila sikio lilisimama. Tembo akageuza kichwa upande wa mawio. Sungura akaona mambo yameharibika, akatimka mbio mbele ya wote, ameshika kibuyu, awahi kumziba yule mzee mdomo.

Nyuma yake wanyama wakaanza kukimbia kuifuata sauti. Bi Mashavu hakukimbia. Alibaki kando ya unyayo.

"Ndugu yangu Tembo!" akaita. "Naomba msaada wako. Na kibuyu."

Tembo akasimama. Alikuwa na siku nyingi hajaitwa ndugu. Fisi naye alikuwa akipita na kibuyu kwapani, maana hata mlinzi wa kitu kisichokuwepo hupenda kuonekana kazini. Alikuwa na kingine begani. Akatoa kimoja. Bi Mashavu akawachota wanawe na yale maji kidogo yaliyobaki, akawaingiza kibuyuni mmoja mmoja, na Tembo akakibeba kwa mkonga juu juu, kama anayebeba yai la Kanga. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kibuyu kufanya kazi ya maana tangu sheria itoke.

Sungura alifika chemchemini akitweta, akamrukia Mjomba Bwabwaja amzibe. Mzee ni chura, na chura kazi yake kuteleza. Akateleza. Sungura akapita juu yake, akapita juu ya jiwe, akatumbukia majini na kibuyu chake. Upande huo maji yalikuwa ya kina, si pale alipozoea kuogea, na kuta zilikuwa ndefu na laini. Akakwaruza, akarudi chini. Akakwaruza tena.

"Nisaidieni! Nazama! Nisaidieni!"

Wanyama walifika wakajaza ukingo. Waliyaona maji. Wakamwona aliyejinyima yumo ndani yake. Wakaelewa, kila mmoja kwa kasi yake. Nyumbu alielewa siku ya pili.

Fisi akajipenyeza mpaka mbele, akainama, akamwekea Sungura kibuyu mdomoni.

"Weka humo, Bwana."

"Fisi, acha ujinga! Nipe mkono!"

"Usimwage, Bwana. Kila neno ni tone. Weka humo, tutakurudishia mvua ikinyesha."

Kanga ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Nyani. Simba alijizuia kwa ajili ya heshima, akashindwa, na kicheko chake kikanguruma kwenye mawe mpaka vumbi likadondoka. Akashangaa mwenyewe. "Kumbe ninacho!" akasema. "Sauti yangu ninayo!" Wote wakaanza kusema kwa pamoja, wakijaribu koo zao, hujambo, sijambo, jamani wewe mzima? Tembo akafika, Bi Mashavu yuko mgongoni pake, akamsogelea Kanga kabla hata ya kunywa. "Nisamehe, dada yangu. Yale mayai. Nisamehe." Kanga, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alilia tu, kwa sauti.

Bi Mashavu akawamimina wanawe majini. Akangoja. Akaona mkia mmoja unapiga, mwingine unapiga. Hata yule aliyekuwa ameacha. Hapo ndipo alipokaa chini.

"Nisaidieni!" Sungura akalia, na safari hii maji yakamwingia mdomoni.

"Hatusikii," akasema Nyani. "Tumeziba."

"Mwacheni anywe," akasema Simba. "Si alikuwa na kiu?"

Vyura, waliofika migongoni mwa wenye mbio, wakaunga mkono kwa nguvu, kama kawaida yetu tukishajua upande gani umeshinda.

"Ameita," akasema Bi Mashavu.

"Nani kaita? Mwongo huyu?"

"Mwongo, ndiyo. Alitaka kuniulia watoto, na sitaki hata kumtazama. Lakini ameita. Tukimnyamazia mpaka azame, basi sheria yake bado ipo, na sisi ndio walinzi wake." Akamgeukia Tembo. "Mwitikie."

Tembo akasogea ukingoni, akasema, "Haya, tupo," akashusha mkonga, akamtoa.

Akiwa amelowa hivyo Sungura alikuwa mdogo mno, huwezi kuamini nyika nzima ilimwogopa. Simba akataka kumla palepale, lakini watu wakakubaliana adhabu nyingine. Tangu siku hiyo Sungura akawekwa mlangoni pa chemchemi. Kila anayekuja kunywa akipiga hodi, yeye aseme karibu. Akisalimiwa, aitikie. Akiulizwa habari, ajibu kwa ukweli, na akipewa habari, asikilize mpaka mwisho. Kanga alikuja kila asubuhi. Masikio ya Sungura mnayaona yalivyo leo.

"Niambie kitu kimoja, Bi Mashavu," akasema Simba, ndevu zikimdondoka maji. "Yule alisema maneno ni maji. Alitudanganya hapo?"

"Hapo hakutudanganya, Mfalme. Maneno ni maji kweli, hatuishi bila hayo. Alitudanganya aliposema tuyafungie. Maji ukiyazibia kibuyuni yanavunda, na ya chemchemi hii unachota nayo yanakuja. Na neno ni hivyo hivyo, Mfalme, kwanza kabisa tukitazama asili yake..."

Nakiri bibi yetu angeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini ni chura. Aliendelea mpaka jua likazama, na alipofika kwenye sehemu ya pili Mfalme alikuwa anakoroma.

Kwa hiyo, ninyi mnaopita hapa jioni na kutulaani, mkisema vyura hawa wanapiga kelele za nini, nawaelewa. Mimi mwenyewe nalala katikati yao. Mengi tunayosema hayafai hata kuwekwa kibuyuni. Lakini kiangazi kikija na koo zikikauka, mtu akaita gizani, awe chura, awe jirani mliyekosana, hata awe Sungura mwenyewe, usianze kwa kupima sauti yake. Itika kwanza, mengine baadaye. Kataa neno, usikatae wito.